Kifaa Kimepata Joto

Mashine ndiyo iliyotangaza kuchoka kwanza. Mwenye kuitumia alikuwa hoi tangu asubuhi, lakini yeye hakuwa na skrini ya kutangazia.

Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, hedfoni masikioni, mgongo umelowa jasho, akimweleza mteja mmoja mkali namna ya kujua kama mlango wa friji unafunga sawasawa. Nyumba haikuwa na dari, na jua la mchana lilikuwa limelikalia bati kama lina hati yake. Upande wa pili wa ukuta, mtoto wake wa miezi mitatu alikuwa akilia njaa, na mama mkwe akimbembeleza kwa wimbo ambao mtoto alishaanza kuuchukia. Kila kilio kilipopanda, maziwa yalimtoka mama wa mtoto yakamlowesha gauni. Kamera ndogo iliyokuwa juu ya skrini ilimtazama usoni tu, kwa hiyo alitabasamu. Kampuni ya mafriji iliyomwajiri ilikuwa imewafundisha wahudumu wake wa simu kwamba mteja husikia tabasamu.

"Sasa, mama, chukua karatasi uibane na mlango," alimwambia mteja. "Ukiivuta ikatoka bila kukwama, basi mpira wa mlango umelegea."

"Mbona kuna mtoto analia huko?" mteja aliuliza.

"Samahani sana kwa usumbufu."

"Sijasema ananisumbua. Nimesema analia."

Mhudumu hakupata nafasi ya kujibu. Feni ndogo iliyo ndani ya kompyuta, ambayo ilikuwa ikivuma tangu saa moja iliyopita, ilipandisha sauti, kisha mshale kwenye skrini ukaanza kujikokota, kisha mteja akakatika katikati ya neno. Skrini ikawa ya bluu na maandishi yakajitokeza kwa upole: "Kifaa chako kimepata joto kupita kiasi. Simu zako zimehamishiwa kwa wahudumu wengine. Tafadhali kipumzishe kifaa mpaka kipoe. Muda huu utahesabiwa kuwa muda wa kazi."

Aliyasoma mara mbili. Mara ya kwanza alisoma akitafuta neno "kufukuzwa". Mara ya pili alifika kwenye "muda wa kazi", akavua hedfoni, akaenda chumbani bila kukimbia, maana hakuwa na hakika kama kamera imelala au inajifanya. Mama mkwe alimpa mtoto bila kuuliza kitu. Mtoto alinyonya titi la kwanza kwa hasira na la pili kwa amani, akalala kinywa wazi. Aliporudi mezani, skrini ilikuwa ikimsubiri. "Kifaa kiko tayari. Karibu tena kazini."

Lazima isemwe kwamba mtu aliyeiandika programu hiyo alikuwa na huruma. Ndani ya kompyuta kuna kipimo kinachohisi joto, na programu hukisoma kila dakika. Joto likianza kupanda, inaizungusha feni kwa kasi zaidi. Likizidi kupanda, inapunguza kazi, inaacha mambo madogo madogo yasubiri. Likikataa kushuka, inasimamisha kila kitu, kwa sababu kifaa kikiungua ni hasara. Mtu huyo alifikiria kila hatua, hakuiachia mashine ijifie kwa aibu ya kuomba kupumzika. Mkataba wa mhudumu wenyewe ulikuwa na nusu saa moja ya mapumziko kwa zamu nzima. Ukiinuka nje ya hapo, mfumo unaandika kwamba hukuwepo kituoni, na ukiandikwa hivyo mara tatu anatafutwa mtu wa kukaa mahali pako.

*

Jioni hiyo waliongea wakiwa wamekaa barazani, ambako kulikuwa na upepo kidogo. Mume wa Mhudumu alikuwa fundi wa rangi, mtu mwema, mwepesi wa kusaidia, na msaada wake kwa kawaida ulihitaji mtu wa kuuzuia. Alikuwa amerudi na doa jeupe sikioni.

"Hilo la mashine kupata joto niachie mimi," alisema. "Nina rangi nyeupe imebaki kwenye kazi ya yule mwenye ghorofa. Kesho napanda juu, nalipaka bati lote. Jua likipiga linarudi lilikotoka. Mashine yako itakaa humo kama iko ndani ya friji."

"Usiguse bati," mkewe alimwambia.

"Nakusaidia."

"Najua. Usiguse."

Fundi alimtazama mama yake amtafsirie. Bibi alikuwa amemlaza mjukuu mapajani, akimpepea kwa kipande cha boksi. Alimwita mjukuu huyo "mume wangu", na kwa kweli alimtunza vizuri kuliko alivyomtunza yule wa ndoa.

"Leo mume wangu amenyonya mara mbili mchana," Bibi alisema. "Ameshiba, amelala, hajalia tena mpaka saa kumi. Unajua kwa nini? Mashine imepata joto. Sasa wewe unataka kuipoza."

Fundi alimtazama mtoto. Alikuwepo kliniki wiki iliyopita, akiwa ameshika mkoba. Nesi alimpima mtoto, akatazama kadi, akampima tena akidhani mzani ndio wenye makosa. Mzani haukuwa na makosa. Mtoto alikuwa amepungua.

"Hanyonyi huyu?" nesi aliuliza.

"Ananyonya," Mhudumu alisema. "Kabla ya kazi, halafu ile nusu saa yangu ya mchana, halafu jioni."

"Mtoto wa umri huu hana saa za kazi, mama. Unamkamulia?"

"Nakamua. Chupa anaigeuzia uso, kijiko anakitema."

Nesi aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. "Akija mwezi ujao amepungua tena, namlaza wodini," alisema. "Na mtoto akilazwa, mama unalala naye. Kazini utawaambia nini, hiyo ni juu yako." Alilisema kama mtu anayewaambia watu wengi jambo hilo hilo kila siku, na labda ndivyo ilivyokuwa.

Basi barazani pale Fundi alijikuna sikio, doa jeupe likaenea. "Kwa hiyo tunataka mashine ipate joto," alisema taratibu.

"Umeelewa," mkewe alisema. "Na usiende kumwambia mtu."

*

Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ilifanya kazi ya kuipa mashine joto, kwa bidii ambayo kampuni ingeipenda kama ingeelekezwa kwingine. Walijaribu kuisogeza dirishani, lakini jua liliingia pia machoni mwa Mhudumu, naye akaonekana kwenye kamera amekunja uso. Msimamizi wa zamu alimwandikia ujumbe: "Tabasamu, dada." Walijaribu shuka, lakini shuka lilikuwa jepesi, mashine ikapumua tu. Bibi ndiye aliyegundua blanketi. Alilikunja mara nne, akalitandika chini ya mashine, akaziba vitobo vya pembeni vinavyotolea hewa. Kamera haikuona meza. Katika muda usiotosha kuchemsha chai ya watu wengi, feni ya ndani ilianza kulalamika, na baada yake ukaja ujumbe wa bluu.

Bibi alikuwa hajawahi kugusa kompyuta, wala hakuwa na nia. Lakini alijua kumfunika mtu mwenye homa ili atoke jasho, na aliona hapa kanuni ni ile ile kasoro jasho. Alikuwa akiingia kwa kutambaa chini ya upeo wa kamera, akiwa na magoti yanayouma, anaweka blanketi, anatoka kwa kutambaa. Mtoto akishashiba, Bibi anarudi tena kulitoa. Fundi alipomwona mama yake akitambaa sebuleni alitaka kucheka, halafu akaona si la kucheka, akaenda nje kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Jirani mmoja aliingia kuazima jembe, akaiona mashine juu ya blanketi.

"Inaumwa?" aliuliza.

"Ina homa," Bibi alimjibu bila kugeuka.

Mara mbili kwa zamu, wakati mwingine tatu, mashine ilipumzishwa na mtoto akanyonya. Mhudumu mwenyewe alianza kuona haya kidogo. Alikuwa mtu aliyelelewa kutunza cha watu, na usiku aliifuta mashine vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akiipapasa kama mtu anayeomba radhi. Alijua kwamba anaichakaza taratibu. Alijua pia kwamba kati ya vitu viwili vilivyokuwa katika nyumba ile, kimoja kinaweza kununuliwa dukani.

Walirudi kliniki. Mtoto alikuwa ameongezeka, si sana, lakini mstari kwenye kadi ulikuwa umeinua kichwa. Nesi aliutazama akasema, "Enhe. Mmefanya nini?"

"Tumebadilisha mpangilio wa kazi," alisema Fundi, ambaye alikatazwa kusema kitu.

*

Mwisho wa mwezi mkuu wa idara aliitisha kikao cha wahudumu wote kwenye skrini. Kila mtu alikuwa ndani ya kidirisha chake, na mkuu alikuwa ndani ya kikubwa, nyuma yake kiyoyozi kikitikisa pazia. Alikuwa amevaa koti.

"Nina jambo la kuwashirikisha," alisema. "Mfumo wetu unaonyesha kwamba vifaa vya baadhi yenu vinapata joto mara nyingi sana. Tulivichambua. Tukagundua kitu cha ajabu. Vifaa vinavyopata joto zaidi ni vya akina mama, na hasa akina mama waliotoka likizo ya uzazi hivi karibuni."

Katika vidirisha kadhaa watu waliacha kupepesa macho. Mhudumu aliwatazama. Hakuwa amewahi kukutana nao, lakini aliona mmoja akishusha mkono taratibu chini ya meza, kama anayevuta kitu, na mwingine akigeuza kamera yake juu kidogo.

"Wataalamu wetu wamelifanyia kazi," mkuu aliendelea. "Wapo wanaosema ni kwa sababu akina mama hukaa karibu na jiko. Wapo wanaosema mwanamke anapiga vibonye kwa nguvu zaidi. Mimi si mtaalamu, siwezi kuingilia. Ila kama kampuni tumesema tusisubiri. Tunauza vifaa vya kupoza, iweje watu wetu waungue? Kila mhudumu mama atapewa kitako cha kisasa cha kuwekea kompyuta, chenye feni mbili, akina mama kwanza. Programu itakiendesha yenyewe. Joto likipanda hata kidogo, feni zinaongeza kasi. Hamtasumbuliwa tena na mapumziko yasiyo ya lazima."

Alisubiri. Msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya upole aliyekuwa ndani ya kidirisha cha pembeni, aliona hakuna anayefanya kitu, akaanza kupiga makofi. Vidirisha vyote vikapiga makofi. Mhudumu naye alipiga, huku akitabasamu kama alivyofundishwa.

"Naomba mama mmoja atoe neno la shukrani," alisema mkuu, na macho yake yalipita kwenye vidirisha yakamwangukia yeye. "Wewe hapo, mwenye ukuta wa kijani. Wewe kifaa chako ndicho kilichoteseka kuliko vyote."

Mhudumu alifungua kipaza sauti. Upande wa pili wa ukuta mtoto alikuwa ameanza. "Tunashukuru," alisema. "Kwa kweli hatukutarajia."

*

Kitako kilifika ndani ya boksi kubwa lenye picha ya theluji. Fundi alikiunganisha kwa kufuata maelekezo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao kitu alichokiunganisha kilifanya kazi mara moja. Feni zilizunguka kimya kimya. Bibi aliweka blanketi kwa pembeni, feni zikaongeza kasi, blanketi likapepea. Aliweka mablanketi mawili, feni zikavuma, na mashine ikabaki baridi. Fundi akaona suluhisho ni kuchomoa waya wa kitako. Kabla hajasimama wima, ujumbe mwekundu ulijitokeza: "Feni imezimwa na mtumiaji. Tafadhali iwashe. Tukio hili limeandikwa."

Aliuchomeka haraka, akaomba radhi kwa skrini kwa sauti.

Mtoto alilia siku ile na siku iliyofuata. Wiki ilipoisha sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, na hilo lilimtisha mama yake kuliko makelele. Alikuwa akijibu wateja wenye mafriji yasiyogandisha, huku hewa nzuri ya baridi ikilipuliza tumbo la mashine. Yeye ilimpita. Bibi alijaribu kumsogeza mtoto karibu na feni apate japo upepo, na kamera ikaona kisigino chake. Ujumbe ulisema kwamba mtu asiyehusika ameonekana kituoni, na kwamba siri za wateja ni dhamana.

Mhudumu akampigia msimamizi. Alilifikiria jambo hilo siku nzima na alijua atakavyoanza, lakini alipoanza alisahau utangulizi.

"Dada, naomba dakika chache, mara mbili tu kwa zamu. Nimnyonyeshe mtoto."

"Pole, mpenzi wangu. Nakuelewa, mimi mwenyewe nina wawili," alisema msimamizi, na vibonye vikasikika. "Ngoja nione naweza kukuingiza wapi. Kuna hitilafu ya umeme?"

"Hapana."

"Ya mtandao?"

"Mtandao ni mzuri."

"Kifaa kimepata joto?"

"Kimepoa," Mhudumu alisema. "Kimepoa kabisa."

"Basi hapa hakuna mahali pa kukuweka. Natamani pangekuwepo. Nikikuacha uinuke bila sababu, mfumo unakuandika, na mara ya tatu siwezi kukufutia." Alishusha sauti. "Na simu hii inarekodiwa, unajua."

"Najua."

"Kuna lingine naweza kukusaidia?" msimamizi aliuliza, kwa kuwa ndivyo kila simu ilivyopaswa kumalizwa. Mhudumu alisema hapana, akashukuru, akakata, akalia kwa muda mfupi akiwa ameinamisha uso ili kamera ione nywele.

*

Fundi wa kampuni alikuja kabla ya mwezi kwisha, na mkoba mgongoni. Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara katika mtaa ule, na kampuni ilikuwa imeona hatari: umeme ukikatika feni za kitako zinasimama, na mashine inaweza kupata joto. Kwa hiyo kila mhudumu mama alikuwa anafungiwa betri ya akiba. Alikuwa kijana mnene mwenye macho yaliyochoka. Alipokaribishwa maji aliyanywa yote bila kupumua.

Mhudumu alikuwa kwenye ile nusu saa yake, ananyonyesha mlangoni pa chumba, nguo imefunika. Fundi wa rangi alishika tochi ingawa ilikuwa mchana. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na blanketi lake.

"Nyumba zote nilizokwenda wiki hii zina blanketi mezani," alisema yule kijana akiwa chini ya meza. "Katika msimu kama huu." Bibi alilivuta lake mapajani.

Alitoa betri, ya ukubwa wa tofali, akaiunganisha. Juu yake alibandika kitu kidogo cha duara, kama kifungo cha koti, kisicho na waya.

"Na hicho?" Bibi aliuliza.

"Kipimo cha joto. Betri si kama kompyuta, Bibi. Ikipata joto inavimba, inaweza hata kuwaka. Kwa hiyo kwa betri programu haitaki mchezo. Ikizidi nyuzi thelathini na tano tu, inamtoa mhudumu kwenye simu papo hapo. Anaichomoa, anaikalisha pembeni robo saa. Halafu saa mbili baadaye programu inapima tena."

"Na huo muda?" Mhudumu aliuliza kutoka mlangoni.

"Wa kazi. Ni hitilafu ya kifaa."

Mtoto alikuwa akimeza kwa sauti. Mhudumu alimtazama. Kichwa chake kilikuwa kimelowa jasho kwenye mkono wake, kina joto, kama walivyo watoto wote.

"Joto la mtu ni ngapi?" aliuliza.

"La mtu?" Kijana alitoa kichwa chini ya meza. "Thelathini na sita. Na nusu. Thelathini na saba."

"Lina siku linashuka?"

"Likishuka, huyo hayuko mzima." Aliyasema hayo akiwa bado anatafuta bisibisi, kisha mkono ukasimama. Akamtazama mama, akamtazama mtoto, akamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameelewa kabla yake na tayari ameweka blanketi chini.

"Siruhusiwi kusikia ulichosema," alisema kijana.

"Sijasema kitu. Nimeuliza joto la mtu."

Kijana alikaa sakafuni, akafuta jasho. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na betri nyingine iliyorudishwa na mhudumu aliyeacha kazi, imekufa, ila kipimo chake kilikuwa kizima. Alikitoa, akakigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. "Nyumba ikiwa kubwa inaruhusiwa betri mbili," alisema hatimaye. "Nyumba hii naona ni kubwa."

Wote waliitazama sebule. Ili kumpa kijana nafasi, Fundi wa rangi alikuwa amesimama na mguu mmoja nje. "Ni kubwa," alisema.

Basi iliandikishwa betri ya pili. Kijana aliichapa namba ya ile iliyokufa kwenye simu, akasubiri mfumo ukubali, ukakubali. Kipimo kilishonewa ndani ya mfuko mdogo kwenye fulana ya mtoto, chini ya kwapa, na Bibi ndiye aliyeshona, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na sindano karibu na mume wake. Ikabaki stika. Ilikuwa ya fedha, imeandikwa "Mali ya kampuni. Usifungue." Utaratibu ulitaka ibandikwe.

"Mume wangu leo ni mali ya kampuni?" Bibi aliuliza, na hapo sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Wakati wa zamu tu, Bibi," alisema kijana. "Jioni ni wako."

"Na maisha ya betri hiyo ni muda gani? Maana vyenu vyote mnavidai baadaye."

"Miaka miwili. Baada ya hapo inarudishwa ofisini."

Bibi alipiga hesabu ya miaka ya kunyonyesha, akaona imetosha. "Watume mtu aje kuichukua basi," alisema. "Nitakuwepo." Alichukua stika, akaibandika kwenye fulana, mgongoni, ambako mtoto hawezi kuila.

*

Tangu siku hiyo, kila baada ya saa mbili za zamu, skrini iligeuka ya bluu na kutangaza: "Betri ya pili imepata joto. Tafadhali ipumzishe." Mhudumu alimwambia mteja samahani, akavua hedfoni, akaenda kuipumzisha. Hakukosa hata mara moja. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, betri ya kwanza ikifanya kazi yake bila kutajwa.

Halafu siku moja msimamizi alipiga simu. Mhudumu aliiona namba. Alimpa Bibi ishara, Bibi akamchukua mtoto.

"Dada, habari za kazi," alisema msimamizi. "Kabla hatujaanza, nakukumbusha simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma."

"Sawa, dada."

"Nina taarifa ya vifaa vyako hapa. Kompyuta nzuri. Feni nzuri. Betri ya kwanza haina neno. Hii ya pili ndiyo inanishangaza. Haijawahi kupoa hata siku moja. Asubuhi ina joto, mchana ina joto. Mfumo unapendekeza niibadilishe." Vibonye vikasikika. "Niwatume waje kuichukua?"

Mumewe, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya rangi, aliweka ndoo chini. Na kabla Mhudumu hajajibu, mtoto aliyekuwa mikononi mwa Bibi akatoa sauti ndefu ya kushiba, ya furaha, isiyofanana na sauti ya betri yoyote iliyowahi kutengenezwa. Ilipita yote kwenye kipaza sauti.

Upande wa pili vibonye viliacha kugongwa. Kisha msimamizi akauliza, taratibu, kwa sauti ile ile ya kazi:

"Ina uzito gani sasa?"

Mhudumu alifumba macho. "Kilo sita na robo."

"Mwezi uliopita?"

"Tano na nusu."

"Basi siibadilishi," alisema msimamizi. "Ngoja niandike hapa kwenye sababu, wasije wakakusumbua." Vibonye vilisikika vikigongwa kimoja kimoja, na alisoma kwa sauti alichokuwa akiandika, kama walivyofundishwa kumsomea mteja: "Betri ya pili imekaguliwa. Joto lake ni la kawaida."